Tiyo za idroliki kwa trakteri za zamani: namna ya kuchagua ile isiyoumiza mtu



Trakteri nyingi zinazolima mashamba yetu ziko na umri mkubwa kuliko shofere anayeziendesha. Massey Ferguson 135 ilianza kutoka kiwandani katikati ya miaka ya 1960, na hata leo tunaikuta shambani. Injini yake fundi wa garaji anaifungua na kuifunga, gia zake zinavumilia, piesi zake hazikosekani mjini. Kinachozeeka haraka kuliko chuma ni mpira. Na mpira wenye hatari kuliko yote juu ya trakteri si ule wa magurudumu. Ni tiyo ya idroliki, ile tiyo nyeusi inayopeleka mafuta yenye presio kwenye vereni ya remorke, kwenye pakia ya mbele ao kwenye usukani.

Somo hili ni la kamati, la shofere na la kesiye pamoja. Tunamtaja kesiye makusudi, juu mara nyingi ni yeye anayeamua tiyo gani itanunuliwa, na mara nyingi hajawahi kuona tiyo ikipasuka.

Nguvu iliyofichwa ndani ya tiyo

Gurudumu la gari dogo linajazwa hewa ya bar 2 ao 3. La lori kubwa, karibu bar 8. Trakteri za miaka ya 1960 na 1970, zile tunazotumia, nyingi zinasukuma mafuta kwa bar 140 hadi bar 210, kufuatana na marke na modeli. Bar moja ni karibu uzito wa kilo moja juu ya sentimita moja ya mraba, ni kusema juu ya upana wa ukucha wa kidole. Kwa bar 170, ni sawa na kupanga mifuko mitatu ya simenti ya kilo 50, na juu yake ndoo ya litre 20 iliyojaa maji, vyote juu ya ukucha mmoja.

Njo maana tiyo ya maji, tiyo ya radiatere, tiyo ya mazutu ao tiyo ya kompresere haina kazi hapa. Kwa macho zinafanana: nyeusi, nene, ngumu mkononi. Lakini ndani yake kuna nyuzi za kitambaa tu, ao hakuna kitu. Tiyo ya idroliki yenye presio kubwa ina tabaka tatu: mpira laini wa ndani unaogusa mafuta, nyuzi za chuma zilizosukwa kama mkeka, na mpira wa nje unaokinga zile nyuzi juani, mvuani na kwenye misuguano. Anayebeba presio ni chuma. Mpira wa ndani kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke, na ule wa nje ni koti tu. Koti likipasuka na nyuzi zikaanza kupata kutu, tiyo imeanza kufa hata kama haijavuja tone.

Tundu dogo, hatari kubwa

Watu wengi wanaogopa tiyo kupasuka kwa kishindo. Ni kweli, inatisha: remorke iliyoinuliwa inaweza kuanguka mara moja, na mafuta ya moto yanarukia watu, yakifika juu ya eshapema, yanaweza kuwaka. Lakini ile inayotupa hofu zaidi ni tundu dogo kama ncha ya sindano. Pale mafuta yanatoka kama uzi mwembamba, saa ingine hauonekani hata kwa macho, unaona tu ukungu kidogo ao unyevu. Shofere anapitisha kidole juu ya tiyo ili kutafuta pahali panapovuja. Presio ya bar 7 hivi inatosha kupasua ngozi ya mtu. Trakteri inatoa mara 20 ya hiyo na zaidi.

Mafuta yakiingia chini ya ngozi, mtu anasikia kama mwiba ao kama ameumwa na mdudu. Kidonda ni kidoti kidogo, damu kidogo ao hakuna. Anajifuta, anaendelea na kazi. Hapo ndipo kosa linapozaliwa. Ndani ya mkono mafuta yanasambaa kando ya mishipa na misuli, yanaua nyama polepole, mkono unavimba, maumivu makali yanakuja baada ya masaa. Watu wamekatwa vidole na mikono mizima kwa sababu ya kidoti cha namna hiyo, na si kwa ajili ya ukubwa wa kidonda bali kwa ajili ya kuchelewa.

Kwa hiyo, mtu akichomwa na mafuta ya idroliki, hata kama anacheka na kusema ni kitu kidogo, munampeleka hospitali saa ile ile, kule kunako munganga wa kupasua. Si posti ya afya ya kufunga bandeji. Mumwambie munganga wazi: "Mafuta ya mashine yameingia chini ya ngozi kwa presio kubwa." Maneno hayo yasemwe, juu munganga akiona kidoti tu bila historia anaweza kutoa dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani. Mubebe kopo la mafuta ao muandike jina lake. Njiani musikande mkono, musiukamue, musiuweke kwenye maji ya moto, musiupake dawa ya majani. Mgonjwa asile, maana pengine atalazwa usingizi wa opereshe siku ile ile.

Na kwa kutafuta pahali panapovuja: chukueni kipande cha karitoni ao ubao, mukipitishe kando ya tiyo mukiwa mbali kidogo, na miwani ya kazi machoni. Karitoni ikilowa ao ikitobolewa, mumeona. Mkono, hapana. Hata mkono wenye ga ya ngozi, hapana, ga haizuii.

Katika koperative moja ya bonde la Ruzizi tulikuta tiyo ya remorke imezungushiwa mpira wa shambre-a-ere ya pikipiki, tabaka juu ya tabaka, kama mguu uliovunjika. Shofere alitueleza kwamba kila asubuhi anaibonyeza kwa kidole aone kama "imekuwa laini." Tulimwomba azime injini, tukakata ule mpira kwa kisu. Chini yake nyuzi za chuma zilikuwa zimekatika karibu nusu, nyekundu kwa kutu. Mpira wa pikipiki haubebi bar 170. Unaficha tu ugonjwa, na unazuia watu wasione tiyo inapokaribia mwisho wake. Wala musikubali mtu achomelee ncha ya chuma iliyopasuka. Moto wa kuchomelea unapika mpira ulio ndani ya ncha ile.

Kwa nini trakteri ya zamani inaleta shida zaidi

Ferguson TE20, ile ndogo ya kijivu iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, toka 1946 hadi 1956, ilikuwa na idroliki yake yote ndani ya tumbo. Pompi imezama ndani ya mafuta ya sanduku la gia, na silinda ya kuinua iko chini ya kiti. Massey Ferguson 135 ilirithi mpango ule. Ni kusema, mikono mitatu ya nyuma inayoinua jembe haihitaji tiyo hata moja ya nje.

Tiyo zilikuja baadaye, wakati wenyewe walipoongeza remorke ya kubinuka, pakia ya mbele, distributere ya pembeni. Mmoja aliweka rakori ya Kiingereza, mwingine akaongeza ya Kiitaliano kutoka trakteri iliyokufa, wa tatu akapata ncha ya mashine ya barabara. Trakteri ikipita mikono minne, inakuwa na ndimi nne. Kwa hiyo kitabu cha kiwanda peke yake hakitoshi kuchagulia tiyo. Kinawapa presio ya trakteri, na hiyo ni habari kubwa, lakini kilichofungwa nje lazima mukipime wenyewe.

Presio ya trakteri mutaipataje? Kwanza kitabu. Kama hakipo, fundi mwenye manometre anaifunga kwenye tundu la nje la mafuta, anainua hadi valve ya usalama inafunguka, anasoma. Kama hamuna kitabu wala manometre, musikisie kwa kushuka. Chukueni kwamba trakteri yenu inafika bar 210, na munue tiyo inayopita hapo. Presio ya kusoma kwenye manometre, tena, si yote. Remorke iliyojaa mihogo ikipita kwenye shimo wakati imeinuliwa nusu, mafuta yanapigwa kama nyundo, na tiyo inapata zaidi kwa nukta moja. Tunapenda kuacha nafasi kwa ajili ya mapigo hayo.

Kusoma maandishi ya tiyo

Tiyo ya kweli inaongea. Ubavuni mwake kuna mstari wa maandishi unaorudia rudia toka mwanzo hadi mwisho. Utakuta jina la kiwanda, namba ya kanuni, aina, upana wa ndani, mara nyingi presio ya kazi, na tarehe. Kwa mfano: EN 853 2SN DN12 275 bar 3Q21. EN 853 ni kanuni ya Ulaya. 2SN ni aina: namba 2 inasema tabaka mbili za nyuzi za chuma. DN12 ni upana wa ndani, karibu milimita 12,7, ni kusema nusu inchi. 3Q21 ni robo ya tatu ya mwaka 2021. Tiyo zinazofuata kanuni ya Marekani zinaandikwa SAE 100R1AT kwa tabaka moja ya chuma na SAE 100R2AT kwa tabaka mbili.

Tiyo isiyo na maandishi musiinunue kwa kazi ya presio, hata muuzaji akiapa kwa mama yake. Na ile ambayo maandishi yake yamefutwa kwa musasa, hiyo mutoke nayo mbio, kuna mtu aliyetaka musijue umri wake.

Sasa sehemu ambayo inachanganya watu wengi. Wanasema: tiyo nene njo yenye nguvu. Si kweli. Kwa aina moja, tiyo ikiwa pana ndani, inabeba presio ndogo, kwa sababu mafuta yanasukuma kuta kubwa zaidi wakati idadi ya tabaka za chuma ni ile ile. Angalieni aina 1SN, ya tabaka moja. Ya robo inchi inabeba bar 225. Ya 3/8 ya inchi, bar 180. Ya nusu inchi, bar 160. Ya 3/4 ya inchi, bar 105 tu. Aina 2SN, ya tabaka mbili: robo inchi bar 400, 3/8 bar 330, nusu inchi bar 275, 3/4 bar 215.

Weka hesabu hiyo kando ya trakteri yenu. Kama trakteri inatoa bar 170, tiyo 1SN ya nusu inchi haitoshi, hata ikiwa mpya kabisa, hata ikiwa imetoka Ulaya na karatasi zake. Tiyo 2SN ya nusu inchi inatosha na inabakiza nafasi nzuri. Mtu aliyekuwa na 1SN ya 3/8 akaibadilisha na 1SN ya 3/4 "ili iwe ngumu zaidi" amejishusha toka bar 180 hadi bar 105.

Fundi fulani atawaambia musijali, kwa sababu tiyo inapasuka kwa presio mara nne ya ile iliyoandikwa. Ni kweli kwamba kiwanda kinaacha nafasi hiyo ya mara nne. Lakini haikuachwa ili sisi tuitumie. Ni kwa ajili ya mapigo, joto, uzee na jua. Mwenye kuila leo, mwaka kesho hana akiba.

Kwa upana, pimeni ndani ya tiyo ya zamani, si nje, juu unene wa mpira unabadilika kati ya kiwanda na kiwanda. Pompi ya trakteri ndogo kama MF 135 inasukuma mafuta chini ya litre 30 kwa dakika, hivyo 3/8 ao nusu inchi kwa kawaida inaitosha. Ikiwa nyembamba sana, mafuta yanapata joto na remorke inapanda polepole. Sisi kwa remorke ya trakteri za ukubwa huu tunashauri 2SN ya nusu inchi, bila kujisumbua na mengine. Bei yake inapita ya 1SN, tunajua, lakini inaondoa swali.

Kuna tiyo moja tu inayoenda tofauti: ile inayonyonya mafuta kutoka tanki kwenda pompi, kwa trakteri yenye pompi ya nje. Pale hakuna presio, kuna mvuto. Tiyo ya kawaida inaweza kujibana na kufunga njia, pompi inakosa mafuta, inalia kama mtoto mwenye njaa na inakufa. Kule mutafute tiyo yenye waya wa chuma uliozungushwa kama springi ndani ya kuta zake, aina SAE 100R4. Hiyo 100R4 musiiweke kamwe upande wa presio.

Umri, na tiyo za okazyo

Mpira unazeeka hata ukilala dukani. Ujerumani wana kanuni ya DIN 20066: tiyo isizidi miaka 4 tangu kutengenezwa wakati inafungwa ncha, na ikiisha kufungwa ncha isikae kazini zaidi ya miaka 6, ukihesabu ndani yake miaka isiyozidi 2 ya kukaa dukani. Kwetu jua ni kali, na trakteri nyingi zinalala nje. Hatuoni sababu ya sisi kuwa wakarimu kuliko Wajerumani. Basi someni ile tarehe. Mukikuta 2Q11, muirudishe, hata kama inang'aa; wauzaji wengine wanapaka tiyo mafuta ili ionekane mpya.

Katanga, kandokando ya migodi, kuna soko kubwa la tiyo zilizotolewa kwenye mashine za kuchimba. Nyingi ni za nguvu sana, tabaka nne za chuma, na bei iko chini. Inavutia. Lakini mashine ya mgodi haitupi tiyo bila sababu: imetolewa kwa kuwa saa zake zimekwisha, ao imeumia. Nyuzi zilizochoka ndani hazionekani. Tena tiyo ya tabaka nne ni ngumu kupinda, inavuta rakori ndogo ya trakteri hadi inapasuka pale. Kwa maoni yetu tiyo ya okazyo ni ya kufungia mbuzi.

Jambo la mafuta litachukua mistari michache. Tiyo hizi zimetengenezwa kwa mafuta ya madini, yale ya kawaida ya idroliki ao ya transmisyo ambayo trakteri inaomba. Mukimwaga ndani mafuta ya breki kwa sababu yale mengine yamekwisha, mpira wa ndani na jointi zote vitavimba na kulainika. Mafuta ya mawese yabaki jikoni.

Ncha na rakori: pale pesa zinapopotelea

Tumeona koperative iliyotuma kijana mjini mara tatu kwa tiyo moja. Tiyo ilikuwa nzuri, urefu mzuri, lakini ncha haikukubali. Trakteri za Uingereza, Massey, Fordson, David Brown, kwa kawaida ziko na meno ya BSP. Za Marekani zina meno ya UNF na koni ya digri 37, inayoitwa JIC, ao zile za zamani zina NPT. Fiat na Deutz ziko na meno ya metriki.

Mtego mkubwa ni huu: BSP ya nusu inchi na NPT ya nusu inchi zote zina meno 14 kwa inchi. Moja inaingia ndani ya ingine, inazunguka mara mbili tatu, unasikia inakaza, unafurahi. Lakini jino la BSP lina pembe ya digri 55 na la NPT digri 60, hazikalishani. Itavuja, na anayekaza kwa nguvu zaidi atapasua distributere, ambayo ni chuma cha kuyeyushwa na bei yake si ya tiyo. Vilevile BSP ya 3/8 ina upana wa nje wa milimita 16,7 na metriki M16 ina milimita 16 kamili. Kwa jicho ni mapacha. Rakori yoyote inayoanza kukataa baada ya mizunguko miwili ya vidole, isimamisheni, toeni, pimeni.

Dawa ni rahisi: musitume barua, mutume tiyo yenyewe ya zamani, pamoja na rakori ya upande wa trakteri kama inafunguka. Zibeni matundu ya trakteri kwa kizibo safi ao mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ili vumbi lisiingie wakati kijana yuko njiani.

Na utepe mweupe wa teflo, ambao mafundi wa maji wanaupenda, usiwekwe kwenye rakori zinazozibana kwa koni. Pale anayezuia mafuta ni koni inayokalia koni, ao jointi ya mpira, si meno. Vipande vya utepe vinakatika, vinasafiri, vinakwama ndani ya valve, na remorke inakataa kushuka.

Atelie ya kufunga ncha

Ncha ya tiyo ya presio inafungwa kwa mashine inayobana bushi ya chuma kutoka pande zote. Haifungwi kwa kolie wala kwa waya. Kolie ni ya tiyo ya kurudisha mafuta tankini tu, kule presio ni ndogo. Atelie zenye mashine hii ziko katika miji mikubwa, zaidi kule kwenye migodi kama Lubumbashi na Kolwezi. Mtu mnayemtuma asikae nje kunywa soda. Asimame aangalie.

Aangalie kwamba ncha na bushi ni za aina moja na tiyo. Bushi ya 1SN haifai kila mara kwa 2SN, kwa kuwa unene si mmoja. Aangalie kwamba tiyo imekatwa sawa, si mshazari, na kwamba baada ya kukata imesafishwa ndani. Msumeno unaacha unga wa chuma na mpira, na unga huo ukiingia kwenye pompi ya umri wa miaka 50 utaimaliza. Kabla ya kubana, ncha iwe imeingia hadi mwisho. Baada ya kubana, apige alama ya rangi pale tiyo inapotokea kwenye bushi: siku alama ile ikisogea, ncha inaanza kuchomoka na tiyo haina msamaha tena. Mwisho aombe tiyo ipimwe kwa presio mara mbili ya presio yake ya kazi. Atelie yenye kujiheshimu iko na mashine ya kupima. Ile inayokasirika kwa swali hilo, basi mujue.

Urefu. Tiyo ikipata presio inaweza kujikunja kidogo, hadi sehemu 4 kwa 100. Tiyo ya metre 2 inaweza kupungua sentimita 8. Ikiwa imefungwa imenyooka kama kamba ya nguo, kila mara remorke inapopanda inavuta ncha zake. Iacheni na tumbo kidogo. Pimeni wakati trakteri imekata kona hadi mwisho, kushoto na kuume, na remorke imeinuka yote, juu tiyo ya kutosha barabarani inaweza kuwa fupi kwenye kona ya shamba. Wakati uleule isiwe ndefu hadi inaburutwa chini ao inanaswa na gurudumu.

Kufunga bila kuumia

Shusheni kila kitu chini: jembe, pakia, remorke. Zimeni injini. Kisha sukumeni mikono ya distributere mbele na nyuma mara kadhaa, juu presio inabaki imefungiwa ndani hata injini ikiwa imelala. Kama remorke haishuki kwa sababu ya kasoro, hakuna mtu anayeingiza kichwa ao mkono chini yake kabla ya kuiegemeza juu ya chuma ao gogo la mti mgumu, pande mbili. Jeki ya idroliki si egemeo. Mafuta yapoe kwanza. Safisheni udongo kuzunguka rakori kabla ya kuifungua.

Wakati wa kukaza, mutumie funguo mbili, moja inashika rakori na ingine inazungusha nati, ili tiyo isijisokote. Kumbukeni mstari wa maandishi ubavuni: kama unazunguka kama mzabibu juu ya mti, tiyo imesokotwa, fungueni muanze tena. Kona isiwe kali. Kwa tiyo ya nusu inchi, 1SN ao 2SN, kiwanda kinaomba mkunjo usiopungua milimita 180 za nusu kipenyo, ni kusema kama ukingo wa beseni. Karibu na ncha iache inyooke kidogo kabla ya kuanza kupinda. Ipiteni mbali na eshapema, na pale inapokaribia kusugua chuma, ivalisheni kipande cha tiyo pana ya zamani iliyopasuliwa. Hapo njo kazi ambayo tiyo ya okazyo inaweza kufanya. Tiyo inayopita karibu na kiti cha shofere ivalishwe koti la kitambaa kigumu kinachouzwa kwa kazi hiyo, ili ikitoboka uzi wa mafuta usimfikie mguuni.

Mukiisha kufunga, washeni injini polepole, inueni remorke tupu na kuishusha mara nne ao tano ili hewa itoke, watu wote wakiwa mbali. Angalieni kiasi cha mafuta na kuongeza. Pitisheni karitoni. Andikeni ndani ya kitabu cha trakteri: tarehe, aina ya tiyo, maandishi yake yote, jina la aliyeifunga. Baada ya masaa 10 ya kazi, kabla ya kuwasha injini asubuhi, mutazame tena kila rakori na ile alama ya rangi.